Magoti ya Ushuhuda

Mara ya kwanza mama alipowapigia magoti watu wasiomhusu ilikuwa katika ukumbi mmoja wa ghorofani, Mirongo, jijini Mwanza, Jumamosi asubuhi, na aliyempeleka pale ni mimi. Naanzia hapo kwa makusudi. Kila nikijaribu kuanzia mbali, kwenye utoto wangu au kwenye msiba wa baba, najikuta natafuta pa kujificha, na nimechoka kujificha.

Mama alikuwa mwanika dagaa. Asubuhi mitumbwi iliporudi alinunua dagaa wabichi, akawatandaza ufukweni, na jua likifanya kazi yake jioni aliwakusanya kwenye magunia. Kwa kazi hiyo alinisomesha mpaka nikawa mwalimu. Lakini kuanika dagaa hakufanywi kwa kusimama. Unachuchumaa, unatandaza, unasogea kidogo ukiwa umechuchumaa vilevile, unatandaza tena, kisha unarudi ulikotoka kuwageuza. Wanawake wa ufukweni hutembea hivyo asubuhi nzima, wakipiga soga na kutukana kunguru, na wakiwa vijana hawaoni shida yoyote. Magoti ya mama yalianza kumdai baadaye. Yalivimba, yakawa yanalia kama kokoto akiinuka, na ilifika siku akawa anashuka kitandani kwa awamu, mguu mmoja, mapumziko, mguu wa pili.

Aliacha ufukwe. Hilo alilimudu, kwa maana alisema dagaa hawana ukoo naye. Lililomshinda ni kusalimia.

Sisi ni Wasukuma, na mama aliolewa Misungwi zamani, enzi ambazo mkamwana hakuwasalimia wakwe zake akiwa wima. Unafika, unapiga magoti, unainamisha macho, unatamka salamu, na mkubwa anaitikia bila haraka. Atauliza habari za watoto, atauliza mvua, atauliza ng'ombe hata kama huna ng'ombe, na wewe muda wote uko chini unamsubiri amalize. Vijana wengi siku hizi wanakunja goti kidogo tu kama anayefunga kamba ya kiatu, basi. Mama hakuwa hivyo. Alikuwa akishuka moja kwa moja mpaka chini, mgongo umenyooka, na bibi yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa akimwitikia kwa raha kiasi kwamba hata sisi watoto tuliacha kucheza tukawatazama.

Wale wawili walipendana. Baba alipofariki na maneno ya mirathi yakaanza, bibi ndiye aliyewaambia watoto wake kuwa nyumba ya baba pale Butimba, Mwanza, ni ya mkamwana wake na asisikie tena habari hizo. Hawakuthubutu kuzirudia. Tangu hapo kila mwezi mama alimpelekea bibi dagaa waliochambuliwa vichwa, akampigia magoti, akashinda naye na kurudi jioni.

Mara ya mwisho alipokwenda, magoti yalikataa. Nilikuwa naye, nilikuwa nimekuja likizo. Alisimama pale kwenye mlango wa bibi, akashika mwimo, akajaribu kushuka, akashindwa. Akasalimia akiwa wima. "Mwangaluka, mayu." Bibi akaitikia. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekaa uani na wanawake wengine wakichambua karanga, akawaambia kwa sauti ya chini, "Wifi yetu amekuwa askari wa gwaride." Wakacheka. Mama naye akacheka, maana ukichekwa na mawifi ukanuna, umewapa chakula cha mwaka mzima. Lakini bibi hakucheka wala hakuwakemea. Alinyamaza tu, na siku nzima iliyobaki aliongea maneno machache.

Njiani kurudi Mwanza mama alisema, "Amekasirika." Nikamwambia bibi ni mzee, wazee huchoka. Mama akatikisa kichwa. Utani wa wifi aliuzoea. Ukimya wa mkwe wake ndio aliorudi nao nyumbani. Hakwenda tena. Bibi alipopiga simu kumuuliza mbona kimya, alijibu kuna mvua, kuna homa, kuna mgeni. Kwangu alikuwa na jibu moja: "Nikipona magoti nitakwenda. Siwezi kumfanyia vile mara ya pili." Bibi alikuwa amezeeka sana na wote tulijua kwamba hana miaka mingi. Mama hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kumpigia magoti mkwe wake mara moja zaidi, kwa heshima yote, kabla mmoja wao hajaondoka.

Mwaka uliofuata mimi nilirudi Butimba na begi moja.

Sitalieleza sana hili. Nilikuwa nafundisha Geita, nilijifungua mtoto wa kike, akaishi wiki kadhaa, akafa. Mume wangu alivumilia kadiri ya uwezo wake, kisha akasema nyumba imekuwa matanga yasiyoanuliwa, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana. Nililala kwa mama uso umeelekea ukutani. Sikuoga. Sikula. Sikulia pia, na hilo ndilo lilimtisha mama kuliko yote. Aliniletea uji akishika ukuta kutoka jikoni mpaka chumbani, nikimsikia goti moja moja, na sikunyanyuka kumpokea. Naliandika hili bila kujitetea. Nilimsikia, na sikunyanyuka.

Kopo lilikuja na mwalimu mwenzangu wa zamani aliyekuja kunitazama. Lilikuwa la kijani, limejaa vidonge vya rangi ya kahawia vinavyong'aa, vya mviringo kama maharage. Alituambia si dawa ya hospitali, ni lishe ya asili: mafuta ya samaki, manjano, na mizizi ya huko ughaibuni. Mama akaniomba nimsomee maandishi. Nikasoma kwa uvivu, nikiwa nimelala: husaidia maumivu ya viungo na sonona. Neno sonona sikuwa nimewahi kulitumia juu yangu. Mama aliuliza maana yake, mgeni akamweleza kuwa ni huzuni iliyokaa mpaka ikawa ugonjwa. Mama akaligeuzageuza lile kopo.

"Hili limetufahamu," akasema. "Viungo vyangu, sonona yake. Limeandikwa kwa ajili ya nyumba hii."

Kisha aliposikia mafuta ya samaki alicheka kabisa. "Samaki nimewaanika maisha yangu yote wakaniua magoti. Leo wanarudi kwenye kopo kuniomba msamaha."

Tukaanza kumeza pamoja, kila asubuhi, viwili yeye, viwili mimi. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuinuka. Mpaka leo sijui ni nini kiliniinua. Labda vidonge, labda muda, labda ni kule kukaa mezani na mtu mwingine kila asubuhi kwa sababu ya kopo. Mwalimu mwenzangu alipokuja tena akanikuta nimeoga, akanialika kwenye timu yao ya kuuza. Nikaenda kwa kutaka kuondoa lawama tu, nikakuta watu waliovaa fulana za kijani wanaoniita dada na kunishika mikono. Watu hawakuwa wamenishika mikono muda mrefu. Nikajiunga.

Kwa wasiozijua, semina zile ziliendeshwa kama ibada. Wimbo, sala, mafundisho, halafu ushuhuda, na mwisho fomu za kujiunga. Ushuhuda ndio moyo wa shughuli. Mtu anasimama anasema nilikuwa hivi, leo niko hivi. Mimi nilitoa wangu na watu wakalia. Nilikuwa mzuri, mwalimu hakosi maneno. Nikaanza kuchana nywele, nikaanza kudai chumvi kwenye mboga, nikaanza hata kumgombeza mama kwa kuacha mlango wazi. Alifurahi kugombezwa. Na kila nilipomuuliza habari za magoti alijibu, "Afadhali. Leo afadhali." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, tena nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu.

Kwa hiyo Jumamosi ile nikampeleka Mirongo akatoe ushuhuda wake. Tulipanda ngazi polepole. Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa, na nyuma ya meza walikaa viongozi wa timu pamoja na mzee mmoja wa mvi tupu, mgeni wa heshima wa siku hiyo. Mama akapewa kipaza sauti. Akakitazama, akamtazama yule mzee aliyekaa, akajitazama yeye aliyesimama juu yake. Akanirudishia kipaza sauti, akashika ukingo wa meza, na taratibu sana akashuka magoti yote mawili mpaka sakafuni.

"Shikamoo, baba."

Sijui kama mzee aliitikia, kwa sababu ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti. Kiongozi wa timu alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu akawaambia waone kwa macho yao, mama huyu alikuwa hawezi hata kushuka kitandani. Mama alifungua mdomo kutaka kusema kitu, makofi yakamzidi. Mimi nilikuwa narekodi kwa simu, nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na nakumbuka alinitazama nikicheka. Alifunga mdomo. Wanawake wawili wenye fulana za kijani wakamwinua kwa makwapa, na mimi nikaona ni mapenzi tu.

Kuanzia hapo hapakuwa na semina bila mama. Na kila alipoitwa, mtu alisema kwa sauti ya kubembeleza, mama, tuonyeshe. Alipiga magoti Mirongo, alipiga magoti kwenye kumbi za mitaa mingine ya mjini, mara moja alipiga magoti kwenye majani ufukweni ambako timu ilikuwa na sherehe yake, hatua chache tu kutoka pale alipokuwa akianika dagaa. Waanikaji wenzake wa zamani walikuja kumtazama. Mmoja alimuuliza anachomeza ni nini naye ameze. Mama alimwambia, "Muulize mwanangu, yeye ndiye msomi," na mimi nikachomoa kopo kwenye mkoba.

Video ile ya kwanza niliituma kwenye makundi yote ya wasapu niliyokuwemo. Ikatumwa, ikatumwa, ikafika Misungwi.

Ujumbe wa sauti wa shangazi tuliusikiliza pamoja, mama na mimi, tukiwa tumekaa barazani tunachambua mchele. Shangazi hakupaza sauti. Alisema wamemwona wifi yao akiwapigia magoti watu wa mjini, wanamshukuru Mungu kwa uponyaji wake, na kwamba wao wa shamba hawana kumbi wala makofi ya kumpa ndiyo maana labda kwao hafiki. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake iliacha kuchambua.

"Achana nao," nikamwambia. "Wana wivu."

"Twende," akasema. "Nipeleke nikamsalimie mama. Sasa watakuwa wamemwambia."

"Jumamosi hii kuna semina kubwa. Tutakwenda ijayo."

Misungwi si mbali. Unaondoka Butimba umekunywa chai, unafika bado hujaona njaa. Lakini Jumamosi ijayo kulikuwa na wageni kutoka makao makuu, na iliyofuata timu yangu ilikuwa inapandishwa daraja. Mama aliniomba mara tatu. Mara ya tatu aliomba kama mtu anayeomba samahani. Alisema angeweza hata kwenda katikati ya wiki, mwenyewe. Nikamwambia hapana, asisafiri peke yake, asubiri. Maana yangu hasa ilikuwa kwamba nisingependa akachoke huko halafu Jumamosi ashindwe. Sikulisema hivyo hata moyoni mwangu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Halafu uso ukaanza kumvimba. Asubuhi macho yalikuwa madogo, jioni miguu imejaa maji, chakula hakikai. Nilifanya alichofanya kila mtu kwenye timu mgonjwa wake anapozidiwa: nikamwongezea dozi. Timu ilisema ni mwili unatoa sumu. Siku aliposhindwa kunitambua mlangoni, akaniita kwa jina la marehemu dada yake, ndipo nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu. Alisoma majibu ya vipimo, akaniuliza mama anatumia dawa gani. Nikamwambia hatumii dawa za hospitali zaidi ya ile ya presha, anatumia lishe ya asili tu. Nililitamka neno asili kwa fahari, hata pale. Akaniambia nikalete. Nikarudi Butimba nikachukua kopo la mama kwenye dirisha la chumba chake, kopo ambalo kila asubuhi nilimwona akilifungua, akimimina kiganjani na kumeza kwa maji ya uvuguvugu mbele ya macho yangu.

Daktari alilifungua akamimina kwenye karatasi. Vidonge vya kahawia vilitoka vichache, na katikati yake vikatoka vingine vidogo vyeupe, vingi.

"Hivi vyeupe ni vya nini?"

Sikuwa nimewahi kuviona. Alivigeuza akasoma alama, akaniambia ni dawa za kutuliza maumivu, zinauzwa kila duka la dawa, na mtu wa umri wa mama, mwenye presha, hatakiwi kuzimeza kila siku miezi na miezi. Akaniambia figo zimeumia sana. Nikamuuliza kama ni kopo. Akasema hilo kopo hajui lina nini wala hawezi kulilaumu kwa asilolijua. Anachokijua ni hivi vyeupe. Kisha akauliza, kwa upole ambao sikuutegemea, "Alikuwa anaumwa sana wapi?"

Nilirudi wodini nimekasirika. Ningeweza kusingizia hofu, lakini ilikuwa hasira. Nilisimama pale kitandani nikamuuliza mama, kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wengine wageuke, kwa nini alinidanganya. Alikuwa na nafuu siku hiyo, akili imerudi. Akanipigapigia godoro nikae. Sikukaa.

"Magoti hayakuwahi kupona?" nikauliza.

"Hata siku moja."

"Na siku ile Mirongo?"

"Niliogopa zile ngazi. Ulikuwa umeniambia ni ghorofani. Nikanunua vidonge vya maumivu pale dukani, nikameza viwili ili nisikuaibishe." Akapumzika. "Sikupiga magoti kwa ajili ya kopo, mwanangu. Yule mzee alikuwa amekaa na mimi nimesimama. Ningemsalimiaje?"

"Ungewaambia. Ungeniambia mimi nyumbani."

"Ulikuwa umeanza kuoga mwenyewe," akasema.

Nikakaa.

Akaniambia, kidogo kidogo, kwa sababu pumzi ilikuwa inamkimbia, kwamba aliponiona nacheka pale ukumbini alijua akisema ukweli nitarudi ukutani. Akajiambia atameza vile vyeupe wiki mbili tu, mpaka nishike njia yangu. Kisha Jumamosi ikazaa Jumamosi. Aliviweka kwenye kopo ili nisiulize. Vikianza kufanya kazi, alisema, anapata kama saa moja ya kuweza kushuka, na baada ya hapo maumivu yanarudi na riba. Saa moja. Ndiyo maana alitaka nimpeleke Misungwi: alikuwa ameshapiga hesabu amezee wapi njiani ili saa hiyo imkute mlangoni kwa bibi. Uwezo wote wa kupiga magoti aliokuwa amebakiwa nao katika maisha yake, niliutumia mimi, kwenye kumbi, mbele ya watu waliokuwa hawajui hata jina la ukoo wake.

"Tukitoka hapa tunaanzia Misungwi," aliniambia. Nikamjibu ndiyo. Hakutoka. Alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, wahudumu wakigawa chai.

Tulimzika Misungwi, kando ya baba. Timu ilikuja, fulana za kijani zimejaa uwanja mzima, na katika salamu za rambirambi kiongozi wetu akasimama akawaeleza waombolezaji jinsi mama alivyoponywa magoti na jinsi alivyokuwa akiwapigia magoti kwa unyenyekevu kila Jumamosi. Alisema kwa nia njema, naamini hivyo. Lakini niliona wanawake wa ukoo wakitazamana. Niliona shangazi akivuta khanga mdomoni. Nyuma yangu mtu mmoja akanong'ona kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na nilitaka kugeuka nimpige kofi, kwa sababu msemo wenyewe ulikuwa wa kweli. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusimama niseme. Mimi niliyeongea kwenye kumbi zote zile bila karatasi, niliinamisha kichwa, na mama akafukiwa akiwa ndiye mkamwana aliyewapigia magoti wageni akamnyima mkwe wake.

Bibi hakuwa makaburini. Waliniambia hawezi kutembea mpaka kule. Watu walipoanza kula, nikaenda chumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, shangazi yuko pembeni yake. Nilimpa shikamoo. Akauliza, "Ni nani?" Shangazi akamtajia. Bibi akanyoosha mikono hewani, akautafuta uso wangu, akaupata, akaupapasa wote, paji, macho, kidevu. Tulikuwa tumesikia kwenye simu kwamba macho yanamsumbua, na tulikuwa tumemtumia dawa ya matone. Sikujua kwamba alikuwa kipofu kabisa.

Nikamwambia kila kitu. Nilianza na mtoto wangu, nikaja kwenye kopo, nikaja kwenye ngazi za Mirongo na yule mzee wa mvi, nikamwambia vidonge vyeupe na saa moja, nikamwambia aliniomba mara tatu nimlete hapa nikamzungusha. Nikamwambia kilichomfanya asije tangu mwanzo: kwamba siku ile alishindwa kupiga magoti, akamsalimia amesimama, bibi akanyamaza, naye mama akaona amemvunjia heshima. Shangazi alikuwa analia, amefunika uso. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Bibi alivuta miguu yake akakaa vizuri. Kisha akauliza, "Siku gani hiyo alisimama?"

"Siku ya mwisho alipokuja, bibi. Wakati wa karanga."

Akaupeleka mkono wake kwenye mkeka, akaupapasa kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Macho yangu yalikuwa yameshakwenda wakati ule," akasema. "Sikumwambia mtu. Nilikuwa naona mwanga tu wa mlangoni. Niliwasikia mnacheka, nikaogopa kuuliza mnacheka nini, msije mkajua sioni. Ndiyo maana nilinyamaza." Akavuta pumzi. "Nilisikia sauti yake, nikajua yuko chini kama siku zote. Mimi siku ile nilimwitikia mtu aliyepiga magoti."